Herufi nzito za mraba: kwa nini D ya BODABODA imesomeka O, na namna ya kuirekebisha

Msomaji anayefanya kazi ya mabango na stika mtaa wa Majengo, Mombasa, ameniuliza hivi:

"Assalaam aleikum, Mwalimu. Nina mteja mwenye duka la vipuri kule Kongowea, ambaye alitaka bango la maneno SPEA ZA BODABODA kwa herufi nzito zenye umbo la mraba uliolainishwa pembe, zile zinazofanana na maandishi ya magari ya mashindano. Nilizichora mwenyewe kwenye CorelDRAW, kimo sentimita 14, na kwenye kompyuta zilipendeza mno. Bango lilipotundikwa, watu wa ng'ambo ya barabara wakawa wanasoma BOOABOOA, na wengine wakaona 8 mahali pa B. Mteja anasema nibadilishe fonti. Je, tatizo ni la aina hii ya herufi yenyewe, au ni la mchoro wangu? Na nikiichora upya, nianzie wapi? Nimekuambatishia mchoro."

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Mchoro wako nimeufungua na kuupima herufi moja baada ya nyingine. Usibadilishe aina ya herufi. Umbo alilolipenda mteja wako linafaa kabisa kwa duka la vipuri. Kilichoharibika kimo ndani ya herufi, katika yale matundu meupe uliyoyaacha yajitokeze yenyewe baada ya kumaliza kuchora upande wa nje. Katika herufi nyembamba mtu anaweza kuchora wino na weupe ukajipanga wenyewe bila madhara makubwa. Katika herufi nzito ya mraba hilo haliwezekani, kwa sababu upande wa nje wa O, wa D, wa B, na wakati mwingine hata wa A, ni sanduku lile lile moja, kwa hiyo kinachomwambia msomaji kwamba hii ni D wala si O ni tundu la ndani pamoja na pembe mbili tatu tu. Kwa hiyo anza na tundu, kisha ulizungushie wino.

Kabla ya vipimo, neno fupi juu ya ukoo wa herufi hizi, maana linagusa tatizo lako moja kwa moja. Mwaka 1952 kiwanda cha herufi za chuma cha Nebiolo, mjini Turin nchini Italia, kilitoa Microgramma, iliyochorwa na Alessandro Butti pamoja na Aldo Novarese. Herufi zake hazina vikia miguuni, yaani vile vijimstari vya mapambo kwenye ncha za herufi, na O yake si duara wala si mraba, bali ni mraba mpana uliolainishwa pembe na kuvimba kidogo mbavuni. Zilikuwa herufi kubwa peke yake. Mwaka 1962 Novarese akatoa Eurostile, yenye umbo lile lile lakini sasa ikiwa na herufi ndogo pia. Zama hizo ndizo televisheni zilipoingia majumbani zikiwa na skrini za pembe za mviringo, na madirisha ya ndege yalikuwa na umbo hilo hilo, kwa hiyo herufi hizi zikachukua harufu ya mashine na mwendo kasi ambayo hazijaipoteza hadi leo. Nimetaja habari ya herufi ndogo kwa makusudi: andika "bodaboda" kwa herufi ndogo, na mikia ya b na d itapanda juu ya mstari, o zitabaki chini kati yao, na neno zima litapata mabonde na vilima vya kulitambulisha. Ukiandika kwa herufi kubwa, vilima hivyo vyote vimesawazishwa, na neno linakuwa kama makontena yaliyopangwa Kilindini. Umechagua neno ambalo karibu kila herufi yake ni sanduku, ukaliandika kwa mtindo unaogeuza kila herufi kuwa sanduku. Linaweza kusomeka hata hivyo, ila lazima ulifanyie kazi.

Sasa tuishike D. Nitatumia vipimo vya mchoro wako, ambamo kimo cha herufi ni yuniti 700, kwa hiyo kwenye bango lako la sentimita 14 kila yuniti 100 ni sentimita 2. O yako ina upana wa 720 na pembe zake nne za nje zina nusu kipenyo cha 200. D yako ina upana ule ule wa 720, pembe za kulia zina 200, na pembe za kushoto umezipa 120 ili, kama ninavyokisia, zisionekane kali kuliko ndugu zake. Tofauti nzima kati ya herufi hizi mbili ni yuniti 80 katika pembe mbili, na tofauti hiyo jicho la mtu anayevuka barabara huku akiangalia tuktuk haliioni. Pembe za kushoto za D zikate kali kabisa, digrii 90, nje na ndani, bila huruma. Wachoraji wengi huogopa kufanya hivyo kwa kuhofia kwamba D itakuwa mgeni miongoni mwa herufi laini, lakini ukali huo ndio sura ya D, na utaukuta tena katika B, E, P na R, kwa hiyo utakuwa na wenzake. Halafu nenda upande wa pili: pembe za kulia za D zipandishe kutoka 200 hadi 260, ili mgongo wake uwe na tao kubwa kuliko la O, na upana wake upunguze hadi 690. Mambo hayo matatu yakikutana, O inabaki herufi pekee yenye pembe nne zinazolingana, na D inajulikana hata ikitazamwa kwa kufumbafumba macho.

B ndiyo herufi ngumu kuliko zote katika mtindo huu, na ndiyo iliyoonewa zaidi katika mchoro wako. Umeipa unene wa 180 kila mahali, wima na mlalo. Hesabu kutoka juu hadi chini: mistari mitatu ya mlalo ya 180 inakula 540 kati ya 700, na zinazobaki ni 160 za kugawanywa kwa matundu mawili, yaani 80 kila moja. Kwenye bango hiyo ni sentimita 1.6 ya weupe iliyobanwa kati ya mistari ya sentimita 3.6 ya weusi. Si ajabu watu wakaona kizibo cheusi chenye vijicho viwili, wakakisoma 8.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza, mistari ya mlalo isilingane kamwe na ya wima. Jicho la binadamu huuona mstari uliolala kuwa mnene kuliko uliosimama hata vipimo vyao vikiwa sawa, kwa hiyo katika herufi zako zote punguza milalo kutoka 180 hadi 150 na utaona zimelingana sasa kuliko zilipolingana kwenye rula. Pili, B peke yake ipewe ruhusa ya ziada: milalo yake iwe 130. Mara tatu ni 390, zinabaki 310, na hizo usizigawe nusu kwa nusu. Tundu la juu lipe 145 na la chini 165, kwa sababu herufi yenye vyumba viwili vilivyo sawa huonekana nzito kichwani. Upande wa kulia, pale vyumba viwili vinapokutana, kata mkato uingie ndani waziwazi, wenye ncha kali, na tumbo la chini litokeze kulia kuliko la juu kwa yuniti 30 hivi. Upande wa kushoto uwe nguzo iliyonyooka, pembe kali juu na chini. Tarakimu 8 ina mkato pande zote mbili na haina pembe kali hata moja. Kadiri unavyoitenga B na sifa hizo mbili, ndivyo utakavyosikia watu wakisoma B.

Waandishi wa kufi ya mraba, ule mwandiko wa Kiarabu unaojengwa kwa mistari iliyonyooka tupu, wamelijua jambo hili tangu kale, kwani ndani yake nafasi nyeupe hupewa upana ule ule wa mstari mweusi. Sisi hatuhitaji usawa kamili kiasi hicho, lakini nakupa kiwango changu: katika bango la kusomwa barabarani, tundu lisiwe jembamba kuliko mstari wa mlalo unaopakana nalo. Ukilazimika kuvunja kanuni hiyo katika herufi moja, punguza unene wa herufi hiyo peke yake, wala usiache tundu lizibe.

Nije kwenye pembe, ambapo naona uliamini kipimo cha macho kikakuhadaa. Katika O yako pembe za nje zina nusu kipenyo cha 200 na tundu la ndani umelipa 160, ukitumaini kwamba laini ya nje na laini ya ndani zitafanana. Matokeo yake ni kwamba nje kuna mraba na ndani karibu kuna duara, na wino umerundikana pembeni. Ukipima kwa mshazari kutoka tao la nje hadi tao la ndani utapata kama 238, ilhali mbavuni unene ni 180; pembe zote nne zimekuwa nzito kwa takriban theluthi moja kuliko mwili. Ukirudi nyuma na kuliangalia bango utaona madoa meusi kila kona, na madoa hayo ndiyo yanayoifanya safu nzima ionekane imechafuka. Kanuni ya fundi ni rahisi: nusu kipenyo cha ndani ni cha nje ukiondoa unene. Hapa ni 200 kuondoa 180, yaani 20, na ukipima tena kwa mshazari unapata 180 sawasawa. Nusu kipenyo cha 20 kwa macho huonekana kikavu kidogo, kwa hiyo mimi huongeza hadi 50 au karibu na hapo, nikikubali pembe iwe nene kidogo kwa ajili ya ulaini. Tundu litakuwa la mstatili wenye pembe zilizoguswa tu. Usiliogope, maana ndilo linaloleta mwanga ndani ya herufi.

Kuna jambo jingine la pembe ambalo wachoraji wa kompyuta hulisahau kwa kuwa programu zinawarahisishia mno. Ukichukua mraba na kubonyeza amri ya kulainisha pembe, unapata robo ya duara iliyobandikwa kati ya mistari miwili iliyonyooka. Mahali mstari unapoishia na duara kuanzia, mpindo unaruka ghafla kutoka sifuri hadi kiwango chake kamili, na jicho huhisi kifundo pale hata kama mwenye jicho hawezi kueleza anachokiona. Herufi nzuri za ukoo huu hutumia mkunjo unaojipinda polepole. Mwanahisabati Mfaransa Gabriel Lamé aliueleza mwaka 1818, na Piet Hein wa Denmark akaupa umaarufu mwaka 1959 alipoutumia kwa uwanja wa Sergels torg mjini Stockholm, kwa kuchukua mlinganyo wa duara na kubadilisha kipeo, ile namba ndogo inayoandikwa juu, kutoka 2 kuwa 2.5. Wewe huhitaji mlinganyo. Weka nukta nne tu katikati ya pande nne za O, kisha uvute mishikio ya kila nukta, vile vijiti vinavyoongoza mkunjo kwenye programu, kuelekea pembeni. Mshikio ukifika asilimia 55 ya njia kati ya nukta na pembe ya sanduku unapata duara. Ukifika asilimia 69 unapata umbo la Piet Hein. Kwenye asilimia 78 kipeo ni kama 3, na karibu na asilimia 91 ni kama 4. Kwa bango zito kama lako ningekaa kati ya asilimia 80 na 90 kwa upande wa nje, na mbavu zitavimba kidogo sana zenyewe, kama zilivyovimba za Microgramma. Uvimbe huo mdogo una faida nyingine: mstari mrefu ulionyooka kabisa kati ya pembe mbili za mviringo huonekana umebonyea ndani.

Tunakuja kwa A, na hapa mifano ya wageni haitusaidii sana. Anayenunua au kupakua fonti ya namna hii huonyeshwa maneno yaliyojaa O, D, C na E, herufi ambazo zinapenda sanduku. Sisi tunaandika Kiswahili, ambamo hakuna herufi inayorudi mara nyingi kama A, na pamoja nayo hutokea mara kwa mara K, W, M, N, Y na Z, zote zenye mistari ya mshazari isiyokubali kuingia ndani ya mraba. Tazama majina ya vituo unavyovipita kila siku: MTWAPA, CHANGAMWE, MAKUPA, SHANZU, MIKINDANI. Bango lako lenyewe lina A nne.

Kuna njia mbili za kuchora A katika mtindo huu. Moja ni A ya sanduku, yenye nguzo mbili na paa bapa la pembe za mviringo, iliyofungwa juu na kuachwa wazi miguuni. Nyingine ni A ya mshazari, yenye kilele kilichokatwa bapa. Ya sanduku inavutia na inalingana na ndugu zake, na kwa neno kama MTWAPA ningeichagua bila kusita, kwa sababu M na W tayari zimeleta mwendo wa kutosha na A zinahitajika kutuliza. Kwa BODABODA ningeikataa. B, O na D ni masanduku matatu mfululizo; ukiongeza A ya sanduku unapata manane yasiyo na pumziko, na mtu aliye mbali atakayeshindwa kuona mguu ulio wazi ataisoma O nyingine. A ya mshazari inakata safu katikati na mwishoni, na neno linagawanyika lenyewe kuwa BODA na BODA. Kilele chake kipe upana wa yuniti 240 hivi ili kisichomoke juu kama mkuki katikati ya herufi bapa, na mstari wake wa katikati uushushe chini na kuupunguza hadi 120, maana tundu la pembe tatu huziba haraka kuliko la mraba. Ukishaamua hivyo, K na W za KONGOWEA, iwapo mteja atataka jina la mtaa liongezwe, nazo ziwe za mshazari. W ipanue hadi karibu 1,000 na mistari yake iwe 150, kwa kuwa miguu minne minene haiwezi kusimama ndani ya upana wa O. Z haikusumbui maadamu pembe zake zote ni kali. S iangalie: mikunjo yake yote iwe laini, ili isichukuliwe kuwa 5.

Juu ya nafasi kati ya herufi sitasema mengi. Umezibana hadi yuniti 40 ili maneno yaenee kwenye bati, na hiyo ni milimita 8 kati ya nguzo mbili za sentimita 3.6. Katika herufi za duara unaweza kubana, kwa sababu matao yanagusana kwa nukta moja tu na kuacha weupe juu na chini. Mbavu za mraba zinatazamana kwa urefu wote, kwa hiyo O mbele ya D inataka nafasi karibu sawa na ya nguzo mbele ya nguzo. Toa 100 kati ya mbavu na mbavu. Kinyume chake, P na A katika SPEA zingekuwa jirani ungelazimika kuzisogeza pamoja, lakini E imezitenga. Jozi ya kuangalia hapo ni ZA na DA, ambapo mshazari wa A unaacha pengo juu, na kulivuta kwa yuniti 40 kunatosha. Kama maneno hayaenei baada ya hapo, yapange mistari miwili. Siku utakayopata kazi ya bucha, alama ya NG' katika NG'OMBE itakudai uangalifu wa namna hiyo hiyo: ichore fupi na nene, isimame karibu na G, na O iingie kidogo chini yake, vinginevyo neno litakatika vipande viwili.

Kimo chenyewe ni kidogo. Mafundi wa mabango wana kipimo cha sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali ili maandishi yasomeke kwa urahisi. Sentimita 14 zinakufikisha kama mita 17, na mtu aliye upande wa pili wa barabara yenye shughuli kama ile, mwenye magari na mikokoteni mbele yake, yuko mbali zaidi. Kwa mita 30 unataka sentimita 25. Nakushauri umwambie mteja kwamba BODABODA iwe sentimita 25 peke yake katika mstari wake, na SPEA ZA ikae juu kwa kimo cha nusu yake. Mtu akishaona BODABODA na tairi zimetundikwa mlangoni, yaliyobaki anayajua.

Umbo hili linakupa fadhila fulani kwenye malighafi. Ukikata vinili, ile plastiki ya kubandika, kwa plota, yaani mashine ya kuikatia, pembe kali ndizo zinazoanza kubanduka, na kwa jua letu na hewa ya chumvi hazichukui muda. Pembe za mviringo hushika zaidi. Kwa zile pembe kali chache nilizokuambia uziache katika D na B, mpe kisu nusu kipenyo cha milimita 1, ambacho hakuna atakayekiona kutoka barabarani lakini kitazuia ncha kuinuka. Ukikata akriliki kwa mashine ya kuchonga inayozungusha kisu, kumbuka kwamba kisu cha kipenyo cha milimita 6 hakiwezi kuacha pembe ya ndani iliyo kali kuliko nusu kipenyo cha milimita 3, kwa hiyo tundu lenye pembe zilizoguswa litatoka kama ulivyolichora. Na kama mteja atataka taa ndani ya herufi, ongeza matundu yote kwa sehemu ya kumi au zaidi, kwa kuwa usiku mwanga hutambaa nje ya kingo zake na kuingia ndani ya tundu kutoka pande zote.

Namba ya simu usiiandike kwa herufi hizi. Hilo nalisisitiza. Katika mraba mzito 0 ni O, 8 ni B, 5 ni S na 2 ni Z, na neno lina maana ya kumsaidia msomaji kukisia herufi iliyopotea, lakini namba haina. Tarakimu moja ikisomwa vibaya, malipo ya M-Pesa yanakwenda kwa mtu mwingine. Tumia herufi za kawaida zisizo na vikia, zenye unene wa wastani na tarakimu zilizo wazi, kwa namba ya simu na ya malipo, na uziweke mbali kidogo na jina.

Ikiwa mteja ana haraka na huna muda wa kuchora upya, zipo fonti za ukoo huu zinazotolewa bure kwa leseni huria, miongoni mwake Orbitron ya Matt McInerney, Russo One ya Jovanny Lemonad na Michroma ya Vernon Adams. Michroma ni pana na haina unene wa kutosha kwa kazi yako. Orbitron ina uzito kadhaa hadi ule mkubwa kabisa, na Russo One ni nene tangu mwanzo na ndiyo ningeijaribu kwanza kwa barabara. Yoyote utakayoichukua, andika BODABODA kabla ya kuangalia kitu kingine, na uzitazame D, B na A kwa vipimo tulivyojadili. Leseni hiyo inakuruhusu kuitumia kwa kazi ya malipo na hata kuihariri. Haikuruhusu kuuza faili ya fonti peke yake, na mara nyingi inakutaka uipe jina jingine ukishaihariri. Eurostile si ya bure, inauzwa, na nakala zinazozunguka kwenye flashi za mafundi hazina leseni.

Kabla ya kukata chochote, chapisha neno hilo kwenye karatasi likiwa na kimo cha sentimita 2, libandike ukutani, na umsimamishe mtu asiyejua kazi yako umbali wa mita 2.4, ambao ni sawa na sentimita 25 kutoka mita 30. Mwambie asome kwa sauti, herufi moja moja. Akitaja O mahali pa D, rudi kwenye zile pembe mbili za kushoto kabla hujagusa kitu kingine. Akitaja 8, B bado inahitaji weupe.